Mlalamikaji Asigeuzwe Mshtakiwa

Mtu akiibiwa baiskeli yake, akaenda kituo cha polisi kutoa taarifa, haulizwi kwa nini alikuwa na baiskeli nzuri. Haulizwi alikwenda nayo wapi saa zile, wala haambiwi arudi nyumbani akapatane na mwizi. Askari wa zamu huchukua kalamu, huandika jina, mahali na saa, humpa namba ya taarifa, na upelelezi huanza. Hivyo ndivyo inavyopasa, na hakuna mwananchi anayeona ajabu.

Lakini mtu huyo huyo akienda kituoni, au kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, kueleza kwamba amebakwa, mambo hubadilika. Huulizwa alivaa nini. Huulizwa alikuwa anatoka wapi na nani, kama alikunywa, kama alimjua mtu huyo kabla, kwa nini hakupiga kelele, na kama ana uhakika kwamba hakukubali. Maswali hayo huulizwa mbele ya watu waliokuja kufuatilia madeni na magari yao, na pengine kijana mmoja pale kwenye benchi hucheka. Kwa muda wa nusu saa mlalamikaji amekuwa mshtakiwa, na mshtakiwa mwenyewe yuko nyumbani kwake anakunywa chai.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Sheria ya kumwadhibu mbakaji tunayo, na ni kali. Kinachowaangusha wananchi wengi ni mlango wa kwanza wanaoubisha: mlango wa balozi, wa mtendaji, wa mwenyekiti na wa kituo cha polisi. Kiongozi au askari anayemrudisha mlalamikaji mlangoni hapo, au anayemshauri akayamalize nyumbani, hamfanyii hisani mtu yeyote. Anavunja sheria ya nchi na anavunja ahadi ya uongozi wake.

Tuanze na sheria, maana wapo viongozi wanaozungumza kana kwamba haipo. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia tuliirithi kutoka kwa mkoloni, aliyeitunga mwaka 1930. Kwa miaka mingi mahakama zetu, zikifuata desturi iliyotoka Uingereza, zilijihadharisha sana kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke aliyebakwa peke yake; palitakiwa ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Aliyeibiwa ng'ombe hakutiliwa shaka ya namna hiyo. Aliyepigwa rungu kichwani hakutiliwa shaka ya namna hiyo. Mwanamke ndiye aliyehesabiwa kuwa mwongo mpaka athibitishe vinginevyo.

Mwaka 1998 Bunge lilikata shauri. Lilipitisha Sheria Namba 4 ya mwaka huo, iliyoweka masharti maalum kuhusu makosa ya kujamiiana na kuirekebisha Kanuni ya Adhabu pamoja na Sheria ya Ushahidi. Katika mambo mengi yaliyowekwa, matatu yanapasa kujulikana na kila kiongozi wa shina na kila askari. La kwanza ni kwamba adhabu ya kubaka haipungui kifungo cha miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. La pili ni kwamba si lazima mlalamikaji aonyeshe majeraha ya kupigana ili ithibitike kwamba hakuridhia. La tatu ni kwamba mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani ilikazia jambo hili katika hukumu yake ya mwaka 2006, iliposema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa yule aliyebakwa.

Sasa tulinganishe maneno hayo ya sheria na maswali ya kwenye kaunta. Sheria inasema majeraha si lazima. Askari anauliza, mbona huna hata mkwaruzo? Sheria inasema neno la mlalamikaji laweza kutosha; mtendaji anasema, leta shahidi aliyeona. Sheria inasema mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, isipokuwa katika ndoa ambayo sheria imeitaja. Mwenyekiti anasema, binti huyu mbona ni mkubwa, na alikuwa akizungumza na kijana huyo kila siku kisimani? Ni dhahiri kwamba ndugu hawa hawaitumii sheria ya Jamhuri ya Muungano. Wanaitumia ile kasumba ya zamani ambayo Bunge liliifuta mwaka 1998, na wanaitumia wakiwa wamevaa sare za umma na kushika mihuri ya umma.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno tu, na kwamba mlalamikaji mwenye haki atavumilia maswali machache. Hapana. Katika jambo hili wakati una thamani kuliko katika jinai nyingine yoyote. Dawa ya kumkinga aliyebakwa asipate virusi vya UKIMWI ni lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba haina msaada baada ya siku tano. Ushahidi ulioko mwilini na katika nguo hupotea kwa kuoga, kwa kufua, na kwa siku kupita tu. Kwa hiyo askari anayesema "njoo kesho, mwenye dawati hayupo" hajaahirisha kazi yake kwa siku moja. Ametupa theluthi ya muda ambao daktari alikuwa nao, na ametupa sehemu ya ushahidi ambayo hairudi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza katika hukumu zake kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ana sababu nzuri ya kuaminiwa, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa huitia mahakama mashaka. Ni kanuni ya haki, nami siipingi. Lakini tazameni inavyofanya kazi pale kiongozi anapokuwa mzembe. Binti anakwenda kwa mwenyekiti Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti anamwambia asubiri kikao cha wazee Jumatano. Jumatano kikao hakitimii akidi. Ijumaa ndipo anapofika kituoni kwa miguu yake, na taarifa inaandikwa tarehe ya Ijumaa. Mwaka mmoja baadaye wakili wa mshtakiwa anasimama na kumwuliza: kama kweli ulibakwa Jumapili, ulikuwa wapi hadi Ijumaa? Mwenyekiti hayupo mahakamani kujibu. Siku zile tano alizozipoteza yeye zinahesabiwa kuwa uongo wa binti, na mshtakiwa anarudi kijijini.

Makosa madogo ya kituoni nayo huzaa matokeo makubwa. Mara kadhaa mahakama zetu za juu zimewaachia huru watu waliotiwa hatiani kwa sababu hati ya mashtaka iliandikwa vibaya, umri wa mtoto haukuthibitishwa, au tarehe iliyo katika hati haikulingana na ile iliyotajwa na mashahidi. Majaji hawana lawama hapo, kwa kuwa kazi yao ni kupima kilichowekwa mbele yao. Lawama ni ya yule aliyeandika maelezo kwa haraka na kwa dharau, akidhani kwamba habari za mwanamke fulani wa mtaa fulani hazistahili mwandiko mzuri.

Tuje kwenye fomu ya polisi namba 3, ambayo wananchi wanaijua kwa jina la PF3. Fomu hii ni kitu chema. Polisi huijaza kwanza, daktari huijaza baada ya kumpima mlalamikaji, na baadaye huweza kutolewa mahakamani kuwa kielelezo. Lakini kitu chema kimegeuzwa kuwa geti. Ziko habari za watu waliofika hospitali wakivuja damu na kuambiwa warudi kwanza kituoni wakachukue fomu, na walipofika kituoni wakaambiwa fomu zimekwisha, au wakatakiwa kutoa "chochote" kwa ajili ya karatasi. Fomu hiyo ni bure. Anayeitoza senti tano anakula rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu. Na ikiwa "chochote" kinachotakiwa ni mwili wa yule yule aliyekuja kulalamika, basi sheria hiyo hiyo ina kifungu chake juu ya rushwa ya ngono, na hakuna neno katika lugha yetu linalotosha kuueleza unyama huo.

Kwa mwananchi wa mjini kituo na hospitali huenda vikawa umbali wa nauli moja ya daladala. Kwa mkulima wa kijijini kituo kinaweza kuwa mwendo wa nusu siku, na zahanati iliyo karibu haina dawa hiyo ya kinga. Mtu huyo, kabla ya kumwona askari yeyote, humwona kiongozi wa mahali pake. Kwa hiyo huku chini, kwenye shina, kitongoji na kijiji, ndiko haki ya watu wengi inakoamuliwa. Na huku ndiko kuna ugonjwa mbaya zaidi kuliko maswali ya kaunta, nao ni ugonjwa wa suluhu.

Juu ya suluhu nina jambo la kukiri, na nalikiri kwa aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku moja jirani yangu alikuja kwangu alfajiri na kunieleza kwamba binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 15, amebakwa jioni iliyotangulia alipokuwa akitoka bombani. Aliyetajwa alikuwa mtoto wa mzee aliyeheshimiwa sana katika eneo letu. Niliwaita wazee. Tulikaa chini ya mwembe tangu asubuhi hadi adhuhuri, tukazungumza kwa busara kubwa juu ya ujirani mwema, juu ya jina la mzee yule, na juu ya binti kukosa mume endapo habari zitasambaa. Mwisho tulikata shauri kwamba upande wa kijana utoe mbuzi wawili na fedha kidogo. Mbuzi mmoja alichinjwa siku ile ile, na mimi nilikula nyama yake. Kwa zile fedha baba wa binti alinunua bati.

Binti mwenyewe alikuwa amekaa ndani muda wote huo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwita, wala aliyeuliza yeye anataka nini, wala aliyekumbuka kumpeleka hospitali. Tuliondoka pale tukipeana mikono, tukijisifu kwamba tumeituliza jamii. Baada ya miezi michache binti yule aliacha shule, akaondoka kwenda kukaa kwa shangazi yake mbali. Kijana alibaki. Miaka miwili baadaye kijana huyo huyo alitajwa tena, kwa mtoto wa nyumba nyingine. Huyo wa pili ni mzigo wangu mimi na wazee wale, kwa maana tulikuwa tumekwisha kumfundisha kijana bei ya jambo lile, naye aliiona kuwa anaimudu.

Nayasema haya kwa sababu najua wako mabalozi, wenyeviti na watendaji leo hii wanaokaa chini ya miembe yao kama tulivyokaa sisi, nao si watu wabaya. Wanadhani wanafanya kazi ya upatanishi, ambayo ni desturi njema ya Kiafrika. Upatanishi ni mwema katika ugomvi wa mpaka wa shamba, au kuku aliyeingia bustanini, au maneno ya wake wenza. Kubaka hakumo katika orodha hiyo. Ni jinai kubwa, na sheria hairuhusu jinai kubwa kumalizwa kwa mapatano. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu inamhesabu mtu anayepokea mali kwa makubaliano ya kuificha jinai ya namna hiyo kuwa yeye mwenyewe ametenda kosa. Kwa hiyo yule mbuzi tuliyemla hakuwa wa upatanisho. Alikuwa ushahidi dhidi yetu.

Hata jina la kesi linatosha kutufundisha. Kesi ya jinai haiitwi familia fulani dhidi ya familia fulani. Huitwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Maana yake ni kwamba binti akibakwa, Jamhuri yote imekosewa, na baba yake hana mamlaka ya kuisamehe kwa niaba ya Jamhuri, sembuse mwenyekiti. Baraza la kata halina uwezo wa kulisikiliza kosa hilo. Kikao cha ukoo hakina uwezo huo. Kiongozi anayepelekewa taarifa ana kazi moja tu, nayo ni kumfikisha mlalamikaji hospitali na polisi haraka iwezekanavyo, kwa usalama na kwa heshima.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana neno moja linaloeleza vizuri kinachotushika miguu: muhali. Ni ile hali ya kuona vibaya kumkosea jamaa au jirani, hata kama jamaa huyo ametenda dhambi kubwa. Huku Bara tunalo jambo hilo hilo ijapokuwa hatulitaji kwa jina hilo. Mbakaji mara nyingi si mgeni aliyejificha kichakani. Ni mjomba, ni mpangaji, ni mwalimu, ni jirani anayeazimwa jembe. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Tusijiulize sana kwa nini walinyamaza. Watoto huwatazama wakubwa zao. Wakiona aliyesema amedharauliwa, wao hujifunza kufunga midomo.

Nao wavulana tusiwasahau. Mvulana aliyeingiliwa kwa nguvu akifika kituoni hukutana na kicheko, na pengine huogopa kwamba yeye mwenyewe atashtakiwa. Matokeo yake ni kwamba wazazi wengi humficha, na aliyemtenda huendelea kuwatafuta wengine. Askari na kiongozi wanapaswa kufahamu kwamba mtoto ni mtoto, na kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikubagua kati ya wa kike na wa kiume katika wajibu wa kumlinda.

Haki inadai pia kusema mazuri yaliyofanyika. Jeshi la Polisi limeanzisha madawati ya jinsia na watoto, ambayo sasa yamepita 400 nchini, ili mlalamikaji asikilizwe faraghani na askari aliyefunzwa. Katika baadhi ya hospitali viko vituo vya mkono kwa mkono, ambamo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mlalamikaji hazunguki mji mzima akirudia hadithi ile ile ya uchungu. Serikali ilikuwa na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto kuanzia mwaka 2017, na awamu ya pili ya mpango huo ilizinduliwa mwaka 2024. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua mlango kwa wasio na fedha za wakili. Wako askari, wanawake kwa wanaume, wanaofanya kazi hii usiku na mchana kwa moyo wa uzalendo. Hao tunawapongeza, na tunayoyasema hapa yanawasaidia, kwa sababu mzembe mmoja kwenye kaunta huharibu sifa ya kituo kizima.

Lakini dawati ni meza tu kama anayekaa nyuma yake ana fikra za kaunta. Jambo hili lilionekana wazi Agosti 2024. Picha za video za kundi la vijana wakimbaka binti mmoja zilisambaa nchini, na wananchi walighadhibika. Katikati ya ghadhabu hiyo kamanda mmoja wa polisi wa mkoa alinukuliwa gazetini akizungumzia binti huyo kwa namna iliyoashiria kwamba huenda alikuwa anajiuza. Umma ulikataa. Jeshi la Polisi liliwaomba radhi waliochukizwa na kauli ile, na kamanda huyo akaondolewa katika wadhifa wake. Septemba 30, 2024 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne katika shauri hilo kifungo cha maisha.

Somo la shauri hilo ni la pande mbili. Upande mmoja, vyombo vya dola vikiamua kufanya kazi vinaweza kukamata, kushtaki na kupata hukumu kwa muda wa wiki chache. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kesi hizi ni ngumu mno. Upande wa pili, fikra zile za kumpima mlalamikaji tabia kabla ya kumsikiliza zimefika hadi ngazi ya kamanda wa mkoa. Safari hii zilisikika kwa sababu gazeti lilikuwapo. Katika kituo cha tarafa ya mbali hakuna gazeti. Na hata tukikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba binti fulani anaishi maisha ambayo hatuyapendi, ni kifungu gani cha sheria kinachosema kwamba mtu wa namna hiyo ni halali kubakwa? Hakipo.

Wako pia wanaotoa hoja kwamba baadhi ya wanawake husingizia. Nami sikatai kwamba katika kila jinai yuko anayesingizia. Hata moto wa duka huweza kusingiziwa. Lakini kupokea taarifa si kumfunga mtu. Baada ya taarifa kuna mpelelezi, baada ya mpelelezi kuna mwendesha mashtaka, baada yake hakimu, na juu ya hakimu kuna rufani. Ngazi zote hizo zimewekwa ili mwongo agunduliwe na asiye na hatia alindwe. Askari wa zamu anayeamua mwenyewe, kwa kumtazama mtu usoni na nguo zake, kwamba huyu ni mwongo, amejifanya mpelelezi, hakimu na jaji wa rufani kwa dakika tano.

Yafaa kufanywa nini? Kwanza, kila kituo kiandike taarifa ya ubakaji saa ile ile inapoletwa, faraghani, kwa lugha ya heshima, bila kujali kwamba mwenye dawati yupo au hayupo. Pili, uhai utangulie karatasi: hospitali itibu kwanza, na fomu imfuate mgonjwa, asiifuate yeye. Tatu, kila kiongozi wa kitongoji, mtaa na kijiji, hasa wale waliochaguliwa Novemba 2024, afundishwe kwa maandishi na kwa mdomo kwamba hana mamlaka ya kusuluhisha kosa hili, na aandike katika daftari siku na saa aliyoletewa taarifa, ili kuchelewa kwake kusije kukawa lawama ya mlalamikaji. Nne, kiongozi anayethibitika kuficha jinai kwa mbuzi, fedha au undugu afikishwe mbele ya sheria, wala asihamishiwe kata nyingine. Tano, wananchi wenyewe waelimishwe: aliyetendewa asioge wala asifue nguo alizovaa, nguo hizo zifungwe katika karatasi na kupelekwa pamoja naye, na kwa ajili ya mtoto yeyote aliye hatarini simu namba 116 hupigwa bure.

Chama nacho kina kazi yake. Mabalozi wa mashina ni watu wa Chama, na ndio wanaojua nani analia usiku katika nyumba gani. Umoja wa Wanawake, Umoja wa Vijana na Jumuiya ya Wazazi wana matawi hadi vijijini. Ajenda hii iingie katika vikao vyao vya kawaida, isisubiri siku ya maadhimisho na vitenge vipya. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulitukataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na tangu hapo tumekuwa tukiapa kwamba cheo ni dhamana. Dharau ni ipi, kama si kumcheka mtu aliyebakwa? Uonevu ni upi, kama si kumwuzia baba haki ya binti yake kwa bei ya bati?

Binti yule wa miaka ya 1980 leo ni mama mtu mzima. Nilikutana naye miaka kadhaa iliyopita msibani. Aliwapa mkono watu wote waliokaa kwenye jamvi, alipofika kwangu akapita. Sikumlaumu, kwa kuwa nilijua deni langu. Mabalozi, wenyeviti na askari wanaosoma makala haya bado hawajachelewa kama nilivyochelewa mimi. Leo usiku mtu anaweza kubisha hodi. Mfungulieni, mwambieni akae, mwambieni kwamba mnamsikiliza, kisha vaeni viatu mumsindikize hospitali na kituoni.